Hybrid yangu, shuka la mama, na mafundi watatu walioniambia mambo matatu tofauti

Wakuu, habari za mchana. Poleni na majukumu, na poleni zaidi mnaosoma hapa mkiwa kwenye foleni ya sheli.

Ninayoandika yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa. Sehemu nyingine zinaniaibisha, lakini nikizikata uzi huu hautamsaidia mtu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, nafundisha Sokon I. Nyumbani ni Oldonyo Sambu, naishi na mama yangu. Sisi Waarusha mama tunamwita yeyo, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Yeyo alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Hospitali wakasema mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, bila kukosa. Basi Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunashuka wote mjini asubuhi. Akimaliza mazoezi anapumzika kwa dada yangu Nai, Kaloleni, mpaka nitoke kazini tupande nyumbani.

Tatizo lilikuwa gari. Nilikuwa na kubwa moja la zamani, milima linapanda vizuri, lakini linakunywa kama ng'ombe aliyerudi kutoka malishoni. Ilifika mahali mshahara unaishia sheli.

Nai akaja na suluhisho lake. "Kaka, yeyo ahamie huku. Kuna chumba hapa jirani, nimeshaongea na mwenye nyumba."

Yeyo akamjibu palepale, "Na ng'ombe wangu watapanga kwa nani?"

Kwa hiyo sikuwa natafuta gari la kutambia, wakuu. Nikipata linalokula kidogo, mama anabaki kwake. Nikikosa, anahamia chumba kimoja Kaloleni. Na ninavyomjua, bila ng'ombe wake hata hayo mazoezi angeyaacha.

Nikaanza na magari ya umeme. Dalali mmoja akaniletea dogo lililotumika. "Mwalimu, hii unachaji kama simu. Watu wa sheli utakuwa unawapungia mkono tu!"

Tukalijaribu. Tunatoka mjini, dashibodi inasema tuna kilomita tisini. Tunafika Ngaramtoni, hata nusu ya safari bado, inasema arobaini na tano.

Nikamuuliza mbona hivi. Akanijibu bila kupepesa macho, "Ni baridi ya Meru hii, mwalimu."

Saa saba mchana. Jua linachoma.

Niwe mkweli, sisemi magari ya umeme ni mabaya. Lile betri yake ilikuwa imechoka, na kupanda mlima kunakula chaji kuliko tambarare. Anayeishi mjini na ana umeme wa uhakika, linaweza kumfaa kabisa. Kwetu umeme ukikatika jioni, asubuhi mgonjwa hafiki hospitali.

Nikageukia hybrid. Kwa wasiojua: lina injini ya mafuta na betri kubwa, vinasaidiana. Ukikanyaga breki au ukiteremka, gari linajirudishia chaji. Nikajiambia, kila asubuhi nateremka kutoka Oldonyo Sambu mpaka mjini, hili ni gari langu.

Nikauza lile kubwa, nikaongezea akiba, nikanunua hybrid ndogo.

Wakuu, raha! Mafuta ya wiki moja yakawa yanasukuma wiki mbili na siku kadhaa. Nai akanyamaza habari za chumba.

Yeyo peke yake ndiye alikuwa na malalamiko. Anakaa siti ya nyuma, upande wa mlango ulio rahisi kwake kushuka. Siku moja tunarudi, amejitanda shuka lake jekundu kama kawaida, akasema, "Hii gari yako inanivuta shuka."

"Yeyo, gari haivuti shuka."

"Njoo ukae wewe huku uone."

Sikwenda kukaa. Mwalimu wa fizikia aambiwe nini na mtu wa siti ya nyuma? Lakini mama akilalamika mara tatu, huku kwetu hungoji ya nne. Na vumbi la ule upande wa mlima mnalijua, viti vilikuwa vimeshabadilika rangi. Nikalipeleka gari kwa fundi cherehani pale Kaloleni, ashone kava za viti.

Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Funika kote. Usiache hata tundu."

Akafanya kazi safi. Yeyo akatulia. Nikajiona mtoto mwema.

Baada ya kama wiki tatu, tunapanda Ngaramtoni mchana, taa ya onyo ikawaka. Gari likaishiwa nguvu, malori yanatupita. Kutoka siku hiyo likawa linakula mafuta karibu sawa na lile la zamani.

Hapa ndipo hasira zangu zilipoanzia.

Fundi wa kwanza hakufungua hata boneti. "Betri imekufa, ticha. Agiza nyingine." Bei aliyotaja, ningenunua pikipiki mbili.

Fundi wa pili akasema betri ni nzima, tatizo ni sensa. Akabadilisha sensa. Taa ikazima siku moja, kesho yake ikarudi.

Wa tatu alikuwa na kile kikompyuta cha kupima magari. Akasoma, akasema betri inapata joto kupita kiasi. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kwa huruma. "Ticha, hybrid ni magari ya nchi za baridi. Tuung'oe huo mfumo tukuwekee injini ya kawaida."

Yaani unanunua gari la kubana matumizi, halafu unashauriwa kung'oa kile kinachobana matumizi!

Nilichoka. Nai akalipia kile chumba. Tukakubaliana Jumamosi tuhamishe kitanda. Yeyo hakubishana tena, na hilo ndilo liliniumiza. Alikaa zizini jioni nzima akimwelekeza jirani ng'ombe yupi ana tabia gani.

Ijumaa tunarudi nyumbani. Kwenye kale kamlima ka Ngaramtoni taa ikawaka. Yeyo akasema kutoka nyuma:

"Tangu uivalishe nguo, haijanivuta shuka tena."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka iache shuka langu. Sikusema iache kupumua."

Wakuu, niliweka gari pembeni.

Nikafungua mlango wa nyuma, nikakata nyuzi za kava kwa wembe wa kuchongea penseli. Ubavuni mwa kiti kulikuwa na kiwavu cha plastiki, na nyuma yake feni. Feni hiyo inavuta hewa ya ndani ya gari kwenda kupoza betri. Kiwavu kilikuwa kimejaa vumbi, na kati yake nyuzi nyekundu za shuka la mama yangu.

Joto kupita kiasi! Nimefundisha sura nzima ya joto kwa miaka, na nimeizibia betri pua kwa kitambaa nilichokilipia.

"Umeona nini?" yeyo akauliza.

"Nimeona shuka lako."

"Nilikwambia njoo ukae huku. Umesoma mpaka umesahau kusikia."

Jumamosi hatukuhamisha kitanda. Fundi wa kikompyuta alifungua feni, tukaisafisha kwa brashi, akafuta ile taa. Mpaka leo ni miezi minne haijarudi, na mafuta yamerudi kuwa ya wiki mbili. Sisemi betri ni mpya, siku moja itachoka kweli. Lakini haikuwa imekufa.

Nilichojifunza ni hiki. Kabla hujanunua hybrid, muulize muuzaji feni ya betri inavutia hewa wapi, na usiifunike kwa kava, mkoba wala gunia la viazi. Fundi akikwambia kitu kimekufa, mwombe akuonyeshe kilichokiua. Na anayekaa siti ya nyuma akilalamika, nenda ukakae.

Mwenye hybrid humu aseme betri yake imefika wapi. Wenye magari ya umeme ya milimani nanyi msinyamaze, nitasoma zote.

Chumba cha Kaloleni kilipata mpangaji mwingine. Siku hizi tukianza kupanda Ngaramtoni, yeyo anaweka ncha ya shuka kwenye kile kiwavu. Ikivutwa, ananigonga bega.

"Endesha. Ng'ombe wanangoja."