Tulimkamata Mjomba

Mwanamke aliyeuawa Chiungutwa alikuwa mpika uraka, pombe ya mabibo, na wateja walikunywa uani kwake wakikaa kwenye magogo. Jioni moja ya msimu wa korosho mmoja wao alichukua mchi wa kinu akampiga nao kichwani. Wenzake walikuwa wamekwisha kuondoka. Binti yake aliporudi kutoka kisimani alimkuta chini. Akamfunga kwa khanga juu ya baiskeli, akaisukuma kuelekea zahanati, na njiani mama akasema, "Njomba kaniua." Hakusema neno jingine mpaka akakata roho.

Wakati huo nilikuwa koplo wa polisi upande wa Masasi. Natokea Singida, na kwetu mjomba ni ndugu wa mama, basi. Sajenti wangu alitoka mbali zaidi. Alimsikiliza binti kisha akanigeukia.

"Mama akiongea na mwanawe akataja mjomba, anamtaja nani? Si kaka yake?"

Na kaka alikuwepo. Alikuwa katekista, na wiki ileile alikuwa ameupiga teke mtungi wa uraka wa dada yake mbele ya wanywaji, akimwambia anaiaibisha nyumba ya Wakristo. Tukaona kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

"Afande," binti akasema, "hapa kwetu njomba ni kila mwanamume. Mteja asiyemjua jina, mama alimwita njomba. Mjomba wangu alimwita kwa jina lake."

"Hata mimi ni njomba?" nikamuuliza.

"Hata wewe. Muuza karanga hapo nje amekuitaje?"

Ilikuwa kweli, na karanga zenyewe zilikuwa bado mfukoni mwangu. Sajenti akapiga meza. "Koplo, kumbe muuaji ni wewe!" Kituo kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, binti akiwa amesimama mbele yetu na khanga iliyokauka damu.

Alikuwa ametupatia kila kitu tulichohitaji. Kama mama yake hakutaja jina, basi muuaji alikuwa mtu asiyemjua jina. Tulichotakiwa kufanya ni kwenda kuuliza ni mgeni gani alikunywa pale jioni ile. Hatukuuliza.

Kesho yake tulikwenda msibani, nasi tukijiita wapelelezi. Mchi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Sajenti aliusogeza kwa kiatu apate mahali pa kukaa. Wanawake waliokuja kupika hawakujua habari yake, na binti alikuwa amelala ndani hajiwezi. Wakausuuza kwa maji kidogo yaliyokuwapo, wakatwangia makopa ya muhogo. Mchana tukaletewa ugali. Nakumbuka niliusifu, nikaomba niongezwe. Siku kadhaa baadaye tuliporudi kutafuta kilichotumika kuua, binti alitutazama tukipekua uani.

"Mnatafuta mchi? Mbona mlishaula?"

Katekista tulimpiga. Sajenti alitumia mpira wa baiskeli. Mimi ndiye niliyeshika miguu. "Umezoea kuwafundisha wenzako kuungama," sajenti alimwambia, "leo ungama wewe." Hakuungama. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko, ukaungana vibaya kwa sababu hatukumpeleka hospitali mpaka ulipoanza kunuka. Alikaa mahabusu muda mrefu, halafu akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Wanywaji wa ile jioni walikuwa wametawanyika, wengine wamefuata korosho kwingine, wengine wamevuka Ruvuma. Hakuna tena aliyekumbuka nani alikaa gogo lipi.

Kuachiwa hakukumsaidia. Ukoo wake ulisema serikali haikamati mtu bure. Watu hawakula naye. Kanisani aliketi benchi la nyuma peke yake, na alipokufa, waliochimba kaburi walikuwa watu wa kuajiriwa.

Mimi nilioa Newala, nikastaafia hapa. Mwaka huu mwanamke mmoja mwenye mvi alipiga hodi. Nilimjua kabla hajakaa: yule binti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Alisema amepata mjukuu wa kiume na anataka mtoto arithi jina la yule mjomba. Ukoo unakataa, jina la mtu aliyemuua dada yake halirithishwi. "Njoo uwaambie mlikosea. Wewe ndiye uliyebaki hai."

Nikaenda. Walikusanyika nyumbani kwake, watu wazima wa ukoo, na mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu. Niliwaeleza yote niliyoandika hapa: lile neno, mchi, ugali, miguu niliyoishika. Nikasema mtu yule hakuua. Nikaomba msamaha. Walinisikiliza kwa adabu sana.

"Ahsante, afande," mwalimu akasema. "Basi tuambie, aliyeua ni nani?"

"Sijui."

"Mlimtafuta?"

"Hapana."

"Hamkumtafuta, na humjui. Sasa umejuaje kwamba si huyu?"

Nilikuwa na neno la binti tu, lilelile tulilolicheka, na wao walikwisha kulisikia kwake maisha yao yote. Mzee mmoja akakohoa. Mwalimu akasema mtoto atapewa jina la upande wa baba yake, na watu wakaanza kuinuka.

Mama yule alinisindikiza hadi barabarani, akaniitia bodaboda. Nilijaribu kumwomba radhi tena, akanizuia kwa mkono.

"Miaka yote hii nilidhani mnalo," alisema. "Jina la aliyemuua mama. Nilidhani labda alikuwa mtu mkubwa, mkamficha. Nikasema, yule koplo akizeeka atalitoa."

Kijana wa bodaboda alikuwa akingoja, injini inanguruma.

"Kumbe hamkuwa na kitu," akasema, akarudi kwa wageni wake.