Kiti cha Weldon

Siku hizi muuguzi Velma Akello haogopi mgonjwa anayekohoa. Anayemtia hofu ni yule aliyepata nafuu na kuomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Zamani hakuwa hivyo. Hospitali yao, huku upande wa Londiani, ilipoanza kuwarudisha nyumbani mapema wagonjwa wenye maradhi sugu ya mapafu, yeye ndiye aliyeupokea mpango kwa mikono miwili. Mgonjwa akitulia, akaweza kutembea hadi bombani bila kuhema, akajua kuvuta dawa yake ya kupuliza, basi akalale kwake, na asubuhi Velma amfuate huko. Kukaa sana wodini humnyong'onyeza mtu, na homa ya jirani humrukia. Mpango ulikuwa mzuri, na bado ni mzuri.

Ila mzee Weldon, mmoja wa wagonjwa hao, aliondoka pale akitania kila mtu, na asubuhi Velma akakuta watu wamejaa uani kwake, wakiomboleza. Mkewe, Chepkurui, alikuwa amempokea kwa heshima zote: kiti jikoni karibu na moto, mlango umefungwa baridi isiingie, moshi umetanda, na kibuyu cha mursik, yale maziwa lala, kikisuguliwa ndani kwa kijiti chenye makaa. Velma alikuwa ameuliza kila kitu, isipokuwa mzee ataketi wapi. Tangu hapo anausikia mluzi wa kifua kile wodini, hata vitanda vikiwa vitupu. Hajamwambia mtu.

Na sasa kitanda cha dirishani kimelaliwa na Chepkurui mwenyewe. Moshi uleule umemharibia mapafu. Daktari alisema yuko tayari kwenda. Velma akaomba wangoje kidogo, na kesho yake akaomba tena. Akimruhusu, ni lazima amwonye asiingie jikoni, na kumwonya ni kumwambia kilichommaliza mumewe. Lakini mama wa watu alizidi kudhoofika kitandani, na jirani yake alikuwa ameanza homa.

Mwishowe Velma alivuta kiti, akamweleza yote polepole: jikoni asikae, na kibuyu kitengenezwe nje, yeye akiwa mbali.

Chepkurui akaitazama mikono yake. "Hata Weldon, ilikuwa ni hiyo moshi?"

Velma alitamani sana kudanganya. "Ndiyo, mama. Na mimi sikuwa nimewaambia."

"Alisema huku hospitali alikosa sana harufu ya kwetu," mama akasema. "Nikamwongezea kuni."

Akaenda nyumbani mchana huo. Asubuhi Velma alipanda kilima cha kwenda kwake, akisikiliza kama kuna sauti za watu uani. Palikuwa kimya. Akamkuta Chepkurui sebuleni, amejifunika blanketi, mlango wazi, anapumua vizuri. Kando yake palikuwa na kiti cha zamani, cheusi kwa masizi, hakuna aliyekikalia.

"Nimekitoa jikoni," mama akasema. "Sasa angekaa hapa."