Mwiko wa Bukari na Teke la Bunduki

Sogea karibu nikueleze polepole, maana mimi nilielezwa kwa maumivu.

Nilipojiunga na polisi hapa Lubumbashi, nilikuwa mwanamke pekee kundini. Mwalimu wetu wa shabaha alinikabidhi bunduki ya pistoni bila kunionyesha mahali pa kuweka kitako. "Shika tu, mama," alisema, wenzangu wote wakisikia. "Iko sawa na mwiko wa bukari."

Nilikiweka juu ya mfupa wa bega, nikafyatua. Risasi ilipita juu ya kichuguu tulichobandikia shabaha, nami nikajikuta nimekaa chini.

"Mwiko imemupiga mupishi!" mwalimu akapaza sauti.

Uwanjani kwetu, anayekosa kuliko wote huwapakulia wenzake bukari, ugali wetu wa huku, mchana, naye hula wa mwisho, amesimama. Nilipakua kwa mkono mmoja. Wa pili haukuinuka. Mwalimu alinirudishia sahani yake mara mbili, eti nimempunja.

Sahani ile sikuisahau. Nilijifunza bunduki hadi mwalimu nikawa mimi.

Sasa sikiliza tofauti, si ngumu. Katika bunduki ya pistoni, gesi ya risasi husukuma fimbo nzito ya chuma juu ya mtutu. Chuma hicho hugonga nyuma, kisha hurudi kugonga mbele. Bega husikia mateke mawili, na mtutu hunyanyuka. Katika aina nyingine, gesi hupita kwenye bomba jembamba na kusukuma bolti yenyewe, kile chuma kinachoifungia risasi ndani. Chuma kinachokimbia ni kidogo, hivyo bega husikia msukumo mmoja, mfupi, ulionyooka. Machozi yakikutoka usiogope, ni gesi tu.

Mwaka huu tulipata bunduki za aina hiyo ya pili, na wakongwe wakaletwa kwangu wazijifunze. Mwalimu wangu yule alikuwamo, mvi kichwa kizima.

"Mama, miye nilianza kupiga bunduki mbele weye uzaliwe," aliniambia.

"Njo vile, papa," nikamkubalia. "Piga tatu, haraka haraka."

Nilimwona anavyojipanga: bega mbele, mkono wa kushoto ukiukandamiza mtutu kwa nguvu, tayari kupambana na teke zito. Sentensi moja ingemwokoa. Niliimeza.

Risasi ya kwanza ilichana ukingo wa karatasi. Teke alilolingoja halikuja, lakini mkono wake uliendelea kukandamiza. Ya pili ilipita chini ya karatasi, ya tatu ikachimba udongo mwekundu.

"Iyi bunduki iko mubovu!" alifoka, akipangusa macho.

Niliichukua, nikatoboa karatasi katikati mara tatu, nikamrudishia. Hakuna aliyepiga vibaya kuliko yeye siku ile.

Mchana nilimpelekea mwiko mwenyewe, kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Shika tu, papa. Iko sawa na bunduki."

Uwanja mzima ulicheka. Sahani yangu niliirudisha mara mbili, kisha nikala polepole, nikimtazama alivyosimama. Watu huniuliza kama nilijuta. Bukari ile ilikuwa tamu.

Wewe hujanikosea, kwa hiyo sentensi niliyoimeza nakupa: ukikabidhiwa bunduki usiyoijua, weka risasi moja tu, kaza kitako kwenye nyama ya bega, legeza mkono wa mbele, fyatua, na usipige ya pili kabla hujalisikia teke lake.