Bizumuremyi na Buji Isiyotoa Cheche

Bizumuremyi alitengeneza pikipiki kando ya barabara ya kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpakani, mahali ambapo wachuuzi wa Gisenyi walipita kila asubuhi na vikapu vya nyanya wakivuka kwenda Goma. Karakana yake haikuwa na ukuta wala bango. Ilikuwa na paa la mabati, benchi, sanduku la vifaa, na mdomo wa mwenyewe. Watu walimfuata kwa ajili ya mikono yake, wakaondoka mapema kwa ajili ya mdomo.

Alizaliwa Masisi, akajifunza ufundi katika gereji moja ya Goma, na vita vilipokwisha upande wa Gisenyi akavuka mpaka pamoja na ndugu zake na kuanza upya. Kwa maoni yake, katika mji wote hapakuwa na mtu aliyestahili kushika spana isipokuwa yeye. Wakimbizi waliorudi kutoka Uganda aliwadharau kwa Kiingereza chao, waliotoka Bujumbura kwa nguo zao zilizopigwa pasi. Waliotoka Tanzania aliwadharau kuliko wote, kwa kuwa waliongea Kiswahili kama watu wanaosoma taarifa ya habari. Vijana wa taksi-pikipiki aliwaambia usoni kwamba wangefaa zaidi kusukuma mikokoteni. Mkewe, Nyiramana, alikuwa amezoea. Mumewe alipoanza kumchambua jirani, yeye aliendelea kuchambua maharage.

Huko ndiko alikokuwa amefika maishani mwaka wa tisini na tisa, barabara ya Ruhengeri ilipotulia baada ya miaka ya mashambulizi na watu wakaanza tena kutembea ufukoni mwa ziwa siku za Jumapili. Mzungu mmoja wa shirika la misaada, aliyekuwa amepanga nyumba ya mfanyabiashara Munyaneza karibu na ziwa, alirudi kwao na kuacha vitu kabatini. Kimojawapo kilikuwa gari dogo la kuchezea, refu kama mkono wa mtu mzima, linaloendeshwa kwa rimoti. Halikuwa la betri kama yale ya sokoni. Lilikuwa na injini ya kweli, ndogo kama ngumi ya mtoto, yenye silinda, pistoni, kabureta na bomba la moshi, na pembeni kamba ya kuvuta ili kuiwasha. Pamoja nalo Munyaneza alikuta chupa mbili za mafuta, moja iliyofunguliwa na moja yenye lakiri, na kijisanduku cha vikorokoro.

Munyaneza alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Aliwaza jinsi watu wa ufukoni watakavyogeuka kumtazama, akalipeleka gari na vitu vyake vyote kwa Bizumuremyi.

Bizumuremyi aliliangalia kama mtu aliyeletewa panya mezani. Alisema yeye alishafungua injini za malori yanayopanda hadi Walikale, na sasa analetewa kitu cha kitoto. Lakini alilipokea, kwa sababu kulikataa kungewafanya watu wafikiri kwamba limemshinda.

Alivuta kamba. Injini haikutoa hata kikohozi. Basi akafanya kile ambacho kila fundi wa pikipiki hufanya: alifungua buji, ile plagi ya kuwashia, akaiegemeza kwenye chuma cha injini, akavuta tena kamba ili aone cheche. Hapakuwa na cheche. Alitafuta waya unaoleta umeme kwenye buji, hakuuona. Alitafuta koili, hakuiona. Aligeuza injini juu chini, akaipekua yote, na mwisho akacheka. Alitangaza mbele ya wateja wote waliokuwapo kwamba Mzungu alikuwa amechomoa mfumo wote wa umeme na kuondoka nao, na kwamba Munyaneza aliachiwa mzoga.

Hata hivyo hakuutupa mzoga. Alinusa mafuta yaliyokuwa kwenye tangi, akasema yananuka hospitali, akayamwaga chini. Akaweka petroli iliyochanganywa na oili, ile anayozitia pikipiki ndogo, akavuta kamba kwa hasira mpaka ikakatika na kumbakia mkononi.

Habari zilimfikia Munyaneza. Hakuridhika. Binti yake alisoma shule ya Nyundo, na alikuwa akimsifu mwalimu wake wa kemia, mwanamke aitwaye Mutoni. Munyaneza akamwomba mwalimu huyo afike karakanani amsomee maandishi ya kwenye chupa. Mutoni alikuja Jumamosi pamoja na Munyaneza, amevaa blauzi nyeupe, na kabla hajakaa alikuwa amekwisha kuitazama karakana na kuihukumu. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na kwa maoni yake watu wa mpakani hapa walikuwa wamekichinja Kiswahili bila kukionea huruma. Kuhusu mafundi, aliamini kwamba wengi wao hupiga kitu nyundo mpaka kifanye kazi au kife.

Alisoma chupa, akauliza mafuta yaliyokuwa kwenye tangi yako wapi. Bizumuremyi akamwonyesha doa kwenye udongo.

"Umemwaga mafuta yenyewe ukaweka petroli," Mutoni alisema. "Injini hii haitumii petroli, fundi. Inatumia methanoli, ni aina ya spiriti. Wala haina cheche. Haikuwahi kuwa nayo."

"Mwalimu, moteri bila cheche haiko," alijibu Bizumuremyi. "We fundisha batoto yako kule Nyundo. Hapa ndio kwangu."

Mutoni hakubishana naye. Alimgeukia Munyaneza, kana kwamba fundi alikuwa kiti, akamweleza kwamba ndani ya buji ile kuna waya mwembamba sana uliojipinda. Waya huo hupashwa moto kwa betri mpaka ung'ae, na hapo ndipo mafuta yanapowaka. Injini ikishaanza, betri huondolewa, na waya hubaki mwekundu wenyewe kwa sababu ya methanoli na madini yaliyomo ndani ya waya. Kisha akafungua kijisanduku cha vikorokoro na kutoa kipashio cha buji, kitu ambacho Bizumuremyi alikuwa amekidhani tochi ya mtoto iliyopoteza glopu. Betri yake ilikuwa imekufa. Munyaneza akaagiza betri mpya dukani. Mutoni akaitia, akakishikiza kile kitu kwenye buji iliyokuwa imefunguliwa, na ndani ya ile buji waya ukaanza kuwa mwekundu, halafu ukang'aa rangi ya chungwa.

Bizumuremyi aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko alivyopenda watu wamwone akitazama.

"Hii haiko buji," alisema hatimaye. "Hii ni jiko."

Mutoni alidhani kazi imekwisha, na uso wake ulionyesha hivyo. Bizumuremyi aliuona uso huo, akaapa moyoni kwamba hatamsaidia kwa neno hata moja.

Lakini mikono yake haikujua kukaa. Alifunga kamba mpya ya nailoni ya wavuvi, akasafisha tangi lote kuondoa petroli, akafungua ile chupa yenye lakiri na kujaza. Wakapasha buji, akavuta. Injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Wakarudia, ikakohoa tena. Mutoni alisema methanoli huhitaji kuingia nyingi kuliko petroli, kwa hiyo skrubu ya kabureta ifunguliwe zaidi. Alichukua bisibisi akaifungua mwenyewe, akaifungua sana. Waliporudi kwenye kamba, baada ya mivuto michache ilikuwa imekaza kama imefungwa kwenye mti.

"Vuta kwa nguvu," Mutoni aliagiza.

Bizumuremyi aliiachia kamba. Sasa ilikuwa zamu yake, naye hakuifanyia haraka. Alijifuta jasho, akakaa vizuri kwenye benchi, akamwuliza Munyaneza kama watoto wanaofundishwa kemia na mwalimu huyu bado wana macho yao. Kisha akaeleza kwa sauti ya kuwaelezea wajinga: injini imezama. Mafuta yamejaa juu ya pistoni, na mafuta hayabonyei kama hewa, ukilazimisha unapinda chuma cha ndani. Akafungua buji, akaligeuza gari matairi juu, akavuta kamba. Mafuta yaliyokuwa yamejaa yakaruka kama mate na kutua kwenye ile blauzi nyeupe.

Hakuomba radhi. Baadaye alidai hakujua yataelekea wapi. Waliomfahamu hawakumwamini.

Mutoni alitazama doa, akatazama uso wa fundi, akavuta kigoda, akakaa. Munyaneza alitarajia ataondoka. Alipoona haondoki, aliondoka yeye, akasema apelekewe habari kazi ikiisha.

Wakabaki wawili. Hawakuzungumza isipokuwa kwa maneno ya kazi. Bizumuremyi alifunga skrubu yote, akaifungua kidogo kidogo, kila mara akivuta kamba na kusikiliza, sikio limekaribia injini kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mutoni alishika kile kipashio na kuangalia buji isipoe. Mara ikakohoa mara mbili mfululizo. Mara ikawaka ikazima. Mara ikawaka ikabaki.

Sauti ilikuwa kali, nyembamba, kama nyigu aliyeingia kwenye bati. Moshi wa buluu ukatoka, wenye harufu ya mafuta ya mbarika. Wanawake waliokuwa wakirudi kutoka Goma walisimama barabarani na mizigo kichwani.

"Naondoa betri," Mutoni alisema.

"Ukiondoa, itakufa."

Aliondoa. Bizumuremyi alisubiri ife. Alisubiri kwa hamu kabisa, kichwa kimeinama upande mmoja, kwa kuwa kama ingekufa basi kila alichokisema tangu mwanzo kingekuwa kweli. Injini haikufa. Iliendelea kulia, bila waya wowote, bila cheche yoyote, na yeye akabaki amechuchumaa mbele yake na bisibisi mkononi. Kisha akaipunguza skrubu kiasi cha unywele mmoja na mlio ukawa safi zaidi. Mutoni alisikia tofauti hiyo, akaitikia kwa kichwa kabla hajajizuia.

Walilijaribu gari uani nyuma ya karakana. Kila mmoja alishika rimoti akiamini mwenzake ni mzembe, na kila mmoja akaligongesha kwenye ukuta wa jirani. Ndipo walipogundua jambo ambalo macho hayaliamini upesi: gari likikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako, na mkono hugeuza upande usiofaa. Jioni ile Bizumuremyi alilipeleka gari kwa Munyaneza na kumweleza jambo hilo. Alimsihi aanze polepole, mbali na maji.

Munyaneza alicheka. Alisema yeye huendesha mpaka Kigali kupitia kona zote zile, na hahitaji fundi wa pikipiki amfundishe kuendesha kitu cha mtoto.

Jumapili ufukoni walijaa watu waliotoka kanisani, wengine kutoka Rugerero. Munyaneza alivaa suti. Bizumuremyi aliliwasha gari, Mutoni akaondoa kipashio, na wote wawili wakarudi nyuma kwa kuwa hakuna aliyewakaribisha kusimama mbele. Gari likaondoka kwa kasi juu ya lami, watu wakashangilia, na Munyaneza akainua kidevu. Lilifika mbali, likageuka, likaanza kurudi likimwelekea. Likaanza kupotoka kidogo kuelekea ukuta mfupi wa ziwa. Munyaneza akageuza usukani wa rimoti kwa nguvu, upande usiofaa. Gari lilipita penye pengo la ngazi za kushukia majini, likaruka, na ule mlio wa nyigu ukakatwa na maji.

Watu walicheka. Kicheko kilianza kwa watoto kikaishia kwa wazee. Munyaneza alisimama na rimoti mkononi, akatafuta wa kumtupia aibu yake, akawaona.

"Mumetengeneza mubaya," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Fundi wa barabarani na mwalimu wa kike. Ni mimi mujinga, niliwaamini."

Bizumuremyi alikuwa ameishi miaka mingi akisubiri watu waseme maneno kama hayo ili awajibu, na majibu alikuwa nayo tele. Lakini hakumjibu Munyaneza. Alimgeukia Mutoni, ambaye alikuwa amesimama mikono kifuani, na kwenye midomo yake aliona dharau aliyoifahamu vizuri sana, kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe. Safari hii haikumlenga yeye.

"Moteri ilikuwa muzuri," alimwambia.

"Ilikuwa nzuri sana, fundi," alijibu Mutoni.

Wakaondoka ufukoni pamoja, hatua chache tu, mpaka njia zao zilipoachana. Gari hawakulitafuta. Munyaneza aliwatuma wavuvi walizamie, lakini walilete wasililete, watu hawa wawili hawakuuliza.

Bizumuremyi hakubadilika. Aliendelea kuwatukana vijana wa taksi-pikipiki, na mwaka uliofuata aligombana na mafundi wawili wapya kuhusu namna ya kukaza mnyororo. Kuhusu Mutoni aliwaambia wateja kwamba mwanamke yule angeizamisha hata injini ya meli. Siku moja mteja mmoja, akitaka kumfurahisha, aliongeza kwamba hawa walimu kutoka Tanzania hawajui kitu ila kuongea. Bizumuremyi akaweka spana chini, akamwambia pikipiki yake haijaisha na haitaisha hapa, aisukume aende nayo kwa fundi mwingine. Mteja alifikiri ni utani. Bizumuremyi aliiinua stendi ya pikipiki, akaisukuma mwenyewe mpaka barabarani, akarudi kukaa kwenye benchi.