Ukoko Hauhesabiwi

Mama Sufuria hali kazini. Hilo alilitangaza mwenyewe miaka yote aliyopika katika shule ya bweni, na hakuna aliyewahi kumpinga. Wapishi wenzake walipakua, wakaketi kwenye benchi la nje na kula. Yeye alibaki ndani na mwiko wake. "Chakula cha wanafunzi ni cha wanafunzi," alisema. "Mimi nina kwangu."

Kwa hiyo alipopimwa akakutwa na ugonjwa wa sukari, aliona kama ameonewa. Mtaalamu wa lishe pale zahanati, binti wa umri wa kuwa mwanawe, alimpa kadi yenye picha ya sahani: nusu mboga za majani, robo maharage au nyama, robo wali, na wali wenyewe usizidi ngumi ya mlaji. Mafuta kijiko kimoja. Chai bila sukari.

"Na kila unachokula, mama, kiwekee alama hapa. Hata kiwe kidogo."

Mkazamwana wake ndiye aliyeishughulikia kadi ile. Waliishi nyumba moja, yeye na mumewe na mama mkwe. Aliibandika kadi ukutani jikoni, kisha akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora mistari kwenye sahani ya mama ili wali usivuke mpaka. Kila alipomaliza kula, Mama Sufuria alinawa, akashika penseli, akaweka vema. Kisha aliitazama kadi kama mtoto aliyeongoza darasa. Vema tupu, toka juu hadi chini; sijui kama hata malaika wana kadi safi namna ile.

Siku ya kurudi zahanati, mizani ilikuwa na maoni mengine. Uzito umepanda. Sukari nayo imepanda.

"Mama, sahani unaifuata kweli?" aliuliza mtaalamu.

"Mwanangu, naifuata kama sala."

"Na nyumbani anapika nani?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mama Sufuria aligeuka akamtazama mkazamwana, aliyekuwa amemsindikiza na kumshikia mkoba.

"Anapika huyu," alisema. "Mimi nashinda kazini, nitajuaje anachomimina? Kikulacho ki nguoni mwako."

Mlango ulikuwa wazi. Benchi zima la wagonjwa lilisikia. Binti wa watu akainamisha kichwa, mkoba ameukumbatia.

Nyumbani habari ilifika kabla ya chakula cha jioni. Mwana, fundi wa majokofu, si msemaji; siku hiyo alisema. "Kama umechoka kumpikia mama yangu, niambie," alimwambia mkewe. Mama Sufuria angeweza kuyazima hapo hapo. Badala yake aliichukua chupa ya mafuta, akaipeleka chumbani kwake.

Tangu siku hiyo, kila jioni mkazamwana alibisha mlango huo, kijiko mkononi. "Naomba mafuta, mama." Akapimiwa. Akarudi jikoni akitembea polepole yasimwagike, mama mkwe nyuma yake. Na kabla ya kuyamimina aliinua kijiko, amwonyeshe kwamba hakuongeza kitu. Mama Sufuria aliitikia kwa kichwa kama hakimu. Nyani haoni kundule.

Ikatokea siku moja akasahau bakuli la chakula cha mchana alilofungiwa nyumbani tangu apewe kadi, lililopimwa kwa mistari ya sahani. Mkazamwana akalibeba hadi shuleni. Jiko lilikuwa limepamba moto na moshi umetanda, hakuna aliyemwona akiingia. Akasimama mlangoni kungoja.

Mama Sufuria alichovya mwiko kwenye maharage, akadondoshea kiganjani, akalamba. Chumvi haijakolea. Akaongeza, akadondoshea tena, akalamba tena. Akahamia kwenye mchuzi wa nyama. Mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono, naye akayafuata kwa ulimi yasipotee. Chai ya walimu, sukari imetosha? Kiganja, na kiganja kingine kuhakikisha. Wali ulipokwisha kupakuliwa, akainamia sufuria kubwa, akabandua ukoko, ule uliokauka vizuri na kung'aa. Akauchovya kwenye mchuzi na kuula wima, macho amefumba.

"Shikamoo, mama."

Marahaba haikutoka. Kinywa kilikuwa kimejaa, na ukoko uligoma kushuka wala kurudi. Mkazamwana aliweka bakuli mezani akitazama sakafu, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mzazi anaoga. Kisha akaondoka.

Tumtendee haki: hakuwa amepanga kumdanganya mtu. Kichwani mwake, chakula ni kile unachonawia mikono na kukikalia. Kuonja ni kazi. Na ukoko, jamani, ukoko ni wa kuokoa usitupwe, ukoko hauhesabiwi. Lakini kiganja kilikuwa bado kinanata, na kwa mara ya kwanza alianza kuhesabu. Uji wa alfajiri. Maziwa, kuona kama yamechacha. Mchana. Jioni. Kila alipodhani amemaliza, alikumbuka sufuria nyingine. Aibu ilimshika mpaka akahisi joto masikioni. Amekula yeye, akatukanwa mwingine.

Jioni alijikunyata kitandani akingoja mwanawe amjie juu. Mwana alirudi, akala, akaenda kuoga. Hakuwa na habari yoyote; mkewe hakuwa amemwambia. Kisha mlango ukabishwa.

"Naomba mafuta, mama."

Mama Sufuria hakulaumiwa kwa jicho wala kwa sauti. Kijiko tu kilikuwa mbele yake. Alitaka kusema, lakini aibu ile ile iliyomsukuma aseme ndiyo iliyomziba mdomo. Akapima. Mafuta yakafurika kijikoni, yakadondoka sakafuni, na mkazamwana akapiga magoti kuyapangusa kwa pindo la nguo yake.

Akanyamaza hivyo mpaka siku ya zahanati.

"Dada," mtaalamu alimgeukia mkazamwana, safari hii bila upole, "sukari bado iko juu. Mafuta umepunguza?"

"Nimepunguza. Nitapunguza tena."

Mezani palikuwa na vikombe, mabakuli na vijiko, wagonjwa waonyeshe kiasi wanachokula. Mama Sufuria alinyoosha mkono kwenye bakuli, akaurudisha. Akafungua kiganja.

"Chombo changu hakimo humu," alisema. "Mimi chakula cha kazini nakilia hapa. Huyu usimuulize tena. Nilimsingizia."

Mtaalamu akachukua jagi. Akammiminia maji kiganjani, naye akayageuzia bakulini, kiganja kimoja kwa kila alichoonja. Uji. Maharage. Maharage tena. Mchuzi. Chai ya walimu. Kwenye benchi la wagonjwa shingo zikarefuka. Bakuli likajaa, likaletwa la pili.

"Basi, mama?"

"Bado ukoko," alisema.

Jioni aliirudisha chupa ya mafuta kwenye rafu ya jikoni. Alimwita mwanawe, akayasema yote mbele ya mkewe, pamoja na kiganja na ukoko. Mwana alimtazama mkewe, akatoka nje kama mtu aliyeitwa.

"Nisamehe, mwanangu," alisema Mama Sufuria.

"Yameisha, mama."

Mkazamwana aliwasha jiko, akabandika sufuria. Akaichukua chupa mwenyewe, akamimina mafuta kwenye kijiko mpaka ukingoni. Halafu, kwa mazoea, akageuka akakiinua amwonyeshe.

Mama Sufuria alitaka kumwambia asimwonyeshe. Na mkazamwana akabaki amekiinua kijiko vile vile, akingoja ruhusa.