Nguzo ya Jikoni kwa Tsuneyo

Katika mji wa Okinose, nyumba za walioondoka ndizo zinazowachemshia maji waliobaki. Hakuna alisemaye hilo kwa sauti, ila Shigeno hulifikiria kila lori la mbao linapoingia uani. Mwaka wa thelathini na nane huu anakaa kwenye kiti cha juu akipokea ada ya bafu la mtaa, mlango wa wanaume kushoto kwake, wa wanawake kulia. Mtu akifa, au akichukuliwa na watoto wake kwenda mji mkubwa, nyumba yake hukaa mwaka, miwili, magugu yakapanda hadi dirishani. Kisha wabomoaji huja, na mbao huletwa kwa Yasuhei, mumewe Shigeno, azikate urefu wa mkono mmoja, maana mdomo wa tanuri haupokei zaidi. Shigeno huzitambua. Hii ilikuwa dari ya muuza tofu, ile jibini ya soya. Ile, ngazi ya mkunga. Saa tisa alasiri wazee huingia majini hadi shingoni, wakaguna kwa raha, naye huona kwamba nyumba kuisha hivyo si vibaya.

Yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma ya tanuri hilohilo. Aliondoka Okinose mara moja tu, ujanani, miezi minane ya kupanga samaki makoponi katika mji wenye moshi mwingi. Akarudi kwa sababu huko kila mtu alioga peke yake, mlango kaufunga.

"Utajuaje kama jirani yako ni mzima," alimwambia mama yake, "ikiwa hujapata kuuona mgongo wake?"

Mwezi wa kumi na moja zamu ikafika nyumba ya Tsuneyo, bibi wa miaka themanini na mitatu aliyekuwa amehamia Nagoya kwa binti yake Chizuru. Kabla ya kubomolewa alipiga simu. Alitaka kitu kimoja: nguzo ya jikoni, ile aliyochanja kwa kisu urefu wa watoto wake kila mwaka mpya. Alama za Chizuru zilipanda hadi miaka kumi na mitano. Za Isao, mdogo wake, zilikoma kwenye saba, mwaka ule homa ilipomchukua.

"Niwekee hiyo tu, Shige. Nyingine chomeni."

Shigeno akaifunga nguzo kitambaa chekundu ili isichanganywe na kuni, akaiegemeza ukutani. Tsuneyo angeifuata Alhamisi, kwa treni ya adhuhuri.

Alhamisi asubuhi mvua ilinyesha. Shigeno alitoka uani na ufagio, akatazama ukuta, akatazama tanuri.

"Yasuhei, ile yenye kitambaa chekundu iko wapi?"

Yasuhei akaacha msumeno. "Si ndicho wanachofunga kwenye mbao inayochomoza nyuma ya lori? Nikadhani dereva kakisahau."

"Umeikata!"

"Vipande vinne. Viwili vya juu vimeshaingia motoni." Akavua kofia, ingawa mvua ilikuwa ikimnyeshea. "Mwambie wabomoaji ndio walioikata."

"Atakuja kuoga hapa. Utamdanganya mtu aliye uchi?"

Shigeno akapiga magoti kwenye vumbi la mbao, akakitoa kipande cha pili kutoka chini, akakifuta kwa aproni. Miaka yote arobaini ya urafiki wao ilimpita moyoni, naye akahisi kwamba ameichezea kwa kitambaa kimoja.

Tsuneyo alifika mdogo wa mwili kuliko alivyoondoka, beseni lake la kuogea chini ya kwapa.

"Shige! Umenenepa."

"Na wewe umekauka kama ngisi wa kuanikwa. Keti, dada. Nina neno, na si zuri."

Akamwambia lote, hata la kitambaa. Kisha akamwekea kipande mapajani, pale kwenye chumba cha kuvulia nguo cha wanawake. Kidole gumba cha Tsuneyo kilipanda polepole juu ya mti, alama moja hadi nyingine, kikakoma kwenye ya saba. Hapo kikakaa. Tanuri liliguruma nyuma ya ukuta.

"Za Isao zote zipo," akasema mwishowe.

"Za Chizuru za usichana ndizo zilizoungua. Nisamehe."

"Chizuru ninaye. Namwona kila asubuhi. Siku hizi harefuki, anapanuka." Akacheka, akajifuta jicho kwa kiganja. "Huyo Bwana Msumeno kajificha wapi?"

"Nipo," sauti ya Yasuhei ikatoka nyuma ya mlango wa tanuri. "Nguzo nzima isingeingia kwenye treni, mama."

"Kimya wewe! Kipande cha chini bado unacho?"

"Ninacho. Hicho sikitii motoni, naogopa."

"Hakina alama. Tia!"

Tsuneyo akakifunga kipande chake kwa kitambaa kilekile chekundu, akakiweka rafuni juu ya nguo zake, akaingia. Bafu halikuwa limefunguliwa bado. Kwa mara ya kwanza hodhi lote lilikuwa lake. Shigeno akavua aproni, akamfuata na sabuni, akaketi nyuma yake kumsugua mgongo. Ulikuwa umepinda zaidi na mifupa imetokeza, lakini chini ya ngozi damu ilikuja haraka, nyekundu, kama ya mtu mwenye miaka mingi mbele.

"Unakula vizuri huko," akasema Shigeno.

"Vizuri. Lakini maji ya huko ni vuguvugu." Tsuneyo akateremka hodhini hadi kidevuni, akafumba macho, kisha akapaza sauti kuelekea ukutani. "Yasuhei! Ongeza moto! Nguzo ni yangu, usinibanie!"

Upande wa pili mlango wa chuma ulifunguka, ukafungwa. Baada ya muda kidogo maji yakaanza kupata moto.