Kamusi Niliyokwenda Nayo Kuposa

Hili jambo nimelificha mwaka mzima na mke wangu ndiye anayelitangaza, kwa hiyo bora niliseme mwenyewe kabla halijazidi kutiwa chumvi: siku ya posa kule Mlali nusura nikose mke kwa kiherehere changu cha Kiingereza.

Mimi nafundisha Kiingereza masomo ya jioni, Morogoro mjini, na nina ugonjwa mmoja, nikikutana na kitenzi kilichobandikwa kijineno kinachokigeuza maana, situlii mpaka nizijue zote. Asubuhi ile nikatia kamusi kwenye mkoba uleule wenye barua ya posa (eti nitasoma njiani). Mshenga wangu, Mzee Shomari, alinionya mara tatu: "Leo wewe ni bubu. Mwoaji haongei, naongea mimi."

Tukapokewa vizuri, shikamoo zikapita, chai ya tangawizi ikaletwa, Mzee Shomari akakohoa kile kikohozi cha kuanzia hoja, mara Rehema, mdogo wake Zaina wangu, akaingia na daftari kumuuliza Mjomba Kibwana "look up" maana yake nini. Sasa kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mpwa, baba anaweza kukubali, mjomba akakataa, na ikaishia hapo (haya nayajua tangu utotoni, mama yangu Mluguru). Mjomba akajibu kwa utulivu, "Kutazama juu."

Ningenyamaza jamani! "Hiyo ni mojawapo tu, mjomba," nikasema, "zipo nne." Mzee Shomari akanikanyaga mguu, nikausogeza. Nikaeleza ile ya kutafuta neno kwenye kamusi, nikaeleza ya mambo kuanza kunyooka, nikachomekea (hii nje ya hesabu) kwamba ukiongeza "to" inakuwa kumheshimu mtu, na hiyo ya heshima niliieleza huku nimeshamkata mkubwa kauli mara mbili. Kabla ya ile ya nne nikavuta kamusi nithibitishe, barua ikatoka nayo, ikatumbukia kwenye kikombe cha mjomba.

Mjomba akaiopoa kwa vidole viwili, inachuruzika.

"Barua tumeiona," akasema. "Mshenga hatujamsikia. Nendeni, mkirudi mje na msemaji mmoja."

Mzee Shomari hakunisemesha mpaka mjini. Niliogopa kweli, nikajua Zaina ndiyo basi tena. Jioni akanitumia ujumbe: "Ilikuwa lazima ziwe nne?"

Baada ya miezi miwili tukaruhusiwa kurudi. Nilikaa kama gunia la mahindi. Mshenga akasema yote, mjomba akakubali, nikashusha pumzi, ndipo mwenyewe akanigeukia. "Kijana, tangu siku ile nasumbuka. Ile ya nne ni ipi?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, linanikereketa. Nikamtazama Mzee Shomari.

"Itakuja siku ya ndoa," mshenga akajibu, na mjomba akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Siku ya ndoa nilimnong'oneza (kwa ruhusa ya mshenga): ni kumtafuta mtu mliyepotezana, ukifika kwao ukamjulie hali.

"Hiyo ndiyo nzuri," akasema. "Basi uifanye."

Kwa hiyo kila mwezi napanda Mlali kumwamkia, na nimeapa, kamusi inabaki nyumbani.